Namba ya Ubaoni na Ithibati ya Maabara Yetu

Nisikilize, wewe ambaye wiki ijayo utapanda dohani yako ya kwanza. Weka simu pembeni, maana nitaeleza polepole na sipendi kurudia. Hapo nimedanganya kidogo; ukiniomba nitarudia, kama nilivyorudia miaka yote. Nimestaafu mwezi uliopita, na kabla mibuni yangu ya Isansa haijanichukua mzima mzima, nataka kukuachia mambo ambayo hayamo kwenye vile vitabu vya taratibu vilivyopangwa kwenye rafu ya maabara.

Kazi yetu ni kupima kinachotoka kwenye dohani za viwanda. Juu ya dohani kuna jukwaa, na karibu na jukwaa kuna tundu lenye kifuniko. Tunaingiza bomba jembamba, tunavuta moshi kidogo kwa pampu, moshi unapita kwenye kichujio cheupe cha duara, vumbi linabaki hapo, na hewa inaendelea hadi kwenye mita inayohesabu ni kiasi gani kimepita. Kichujio tunakipima uzito kabla na baada. Tofauti ya uzito ndiyo vumbi. Gawanya vumbi kwa hewa, umepata jibu. Ukimweleza mtu hivyo, atakuuliza kwa nini basi ilibidi usomee. Mwambie asubiri.

Nilianza mwishoni mwa miaka ya themanini, nikiwa binti niliyetoka chuo cha ufundi na koti la maabara lililonizidi mabega. Kiwanda kilikuwa cha umma, kikubwa, chenye boila iliyokuwa ikinguruma mpaka vikombe vya chai vikacheza mezani. Mkuu wa sehemu ya vipimo alikuwa Mzee Kibona, mtu wa Ileje, mwembamba, mwenye kalamu tatu mfukoni na ya nne nyuma ya sikio. Siku ya kwanza alinitoa nje, akanisimamisha uwanjani tukitazama dohani.

“Binti, unaona nini?”

“Moshi, Mzee.”

“Moshi wa namna gani?”

“Mweusi.”

“Mweusi kama nini? Kama sufuria? Kama suti ya mchungaji? Kama nywele zako?”

Akatoa mfukoni kadi yenye miraba mitano, wa kwanza mweupe, wa mwisho mweusi kabisa, na ya katikati imechorwa mistari inayozidi kusongamana. Akanifundisha: jua liwe mgongoni, mkono uunyooshe, linganisha moshi na mraba, andika namba, subiri, andika tena. Nilisimama pale mpaka kengele ya chakula. Niliporudi na karatasi yangu ya namba aliisoma yote, mstari kwa mstari, kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani. Kisha akasema, “Sasa umeona moshi.”

Nimewafundisha wengi, na bado sijapata njia bora ya kuanza kuliko ile.

Alinifundisha pia mizani. Kichujio kina tabia ya kunywa unyevu hewani, na wakati wa masika huku kwetu, ukungu unapoingia hadi ndani ya droo, kichujio kitupu kinaweza kuonekana kina vumbi. Kwa hiyo tunakikausha kwenye chombo cha kioo chenye chembe za bluu, zile zinazogeuka rangi ya waridi zikishiba maji. Mzee Kibona alikuwa akizitazama chembe hizo kabla hajasalimia mtu asubuhi. Pia alinizoesha kushika pumzi ninaposogelea mizani. Mpaka leo nikipima unga jikoni nashika pumzi, na wanangu wananicheka.

Miaka ya tisini kiwanda kikabinafsishwa. Mashine zikaenda kwingine, watu tukabaki. Mzee Kibona hakulalamika sana. Alipata chumba na ua huko Chapwa, upande wa Tunduma, akafungua maabara ndogo, akaniita mimi na fundi mmoja kijana, Yona Simbeye, aliyekuwa akipanda ngazi kama paka. Tulipima unyevu wa mahindi ya wafanyabiashara wanaovusha mpaka, tulipima maji ya visima, tulipima udongo. Kisha sheria za mazingira zikakaza, viwanda vikatakiwa kuonyesha ripoti za moshi wao, na Mzee Kibona akasema sasa turudi kwenye kazi yetu.

Vifaa vilitoka kusini, vikapita Zambia kwa lori. Nakumbuka siku nilipokwenda kuvitoa pale mpakani. Dereva alinisalimia kwa Kibemba, “Mulishani, ba mayo,” akanikabidhi sanduku refu kwa mikono miwili. “Nimeendesha kama nimebeba mayai, mama. Kwenye kila shimo nimelitukana shimo, siyo gari.” Ofisa wa forodha alifungua, akatoa mirija miwili ya chuma iliyoungwa pamoja, ncha moja ikitazama huku na nyingine kule.

“Hii nini?”

“Ya kupimia kasi ya moshi.”

“Moshi una kasi?”

“Kila kitu kinachotembea kina kasi, afande.”

“Nionyeshe.”

Nilichomeka mipira kwenye mrija wa kioo uliopinda kama herufi U, nikautia maji, nikaelekeza ncha kwenye upepo uliokuwa ukiingia mlangoni. Maji yakapanda upande mmoja, yakashuka upande wa pili. Upepo ukikaza yanapanda zaidi, ukilegea yanarudi. Foleni nzima iliacha karatasi zake ikaja kutazama. Mbadili fedha mmoja aliuliza kama naweza kupima kasi ya maneno ya mke wake. Ofisa aligonga mhuri huku bado anayatazama maji. Ninakusimulia hili kwa sababu moja: watu wanapenda kujua. Ukimwonyesha mtu kifaa chako badala ya kumtisha nacho, atakuwa upande wako.

Sasa nakuja kwenye namba ya ubaoni, na hapa nakuomba utulie kabisa.

Katika hesabu yetu kuna mahali pa kuweka mgandamizo wa hewa. Sababu yake ni hii. Chukua debe la mahindi. Unaweza kulijaza kwa kumimina tu, na unaweza kulijaza kwa kulitikisa na kushindilia. Yote mawili ni debe, lakini mahindi yaliyomo si sawa. Hewa iko vivyo hivyo. Huko pwani imeshindiliwa, kwa sababu ina hewa nyingine nyingi juu yake inayoilalia. Huku Mbozi, juu ya mlima, imemiminwa tu. Mita yetu inahesabu madebe. Haijui kama yameshindiliwa. Ili ripoti ya Nanyala ilinganishwe na ripoti ya Dar es Salaam na kiwango kilichowekwa na sheria, ni lazima uyageuze madebe yote kuwa ya kushindiliwa. Namba ya mgandamizo ndiyo inayofanya kazi hiyo.

Kila asubuhi Mzee Kibona alipiga simu kituo cha hali ya hewa, akaulizia mgandamizo, akauandika kwa chaki kwenye kona ya juu ya ubao, upande wa kulia, akauzungushia duara. Hakuna aliyegusa kona ile. Hata aliyefuta ubao mzima aliacha kisiwa pale. Tukienda kazini tulinakili namba ile kwenye fomu. Mzee alipostaafu na kuhamia Vwawa, maabara ikabaki mikononi mwangu. Nikaendelea kupiga simu, nikaendelea kuandika, na hata duara nililichora kwa mtindo wake, kuanzia chini kwenda kushoto.

Mteja wetu mkubwa alikuwa kiwanda cha chokaa karibu na Nanyala, si mbali na barabara kuu. Tanuri lao lilikuwa na dohani fupi, nene, na vumbi la chokaa ni jeupe, kwa hiyo kila kitu pale kilionekana kama kimenyunyiziwa unga. Kila mwaka tulipima, na kila mwaka walipita, ingawa kwa nafasi nyembamba. Jirani yao alikuwa Mama Halinga, mwenye shamba la kahawa lililopakana na uzio. Siku moja alinisubiri nje ya geti.

“Mwanangu, hicho chombo chako kinasema nini?”

“Kinasema wako ndani ya kiwango, mama.”

“Basi kiambie kishuke kije kuosha majani yangu.”

Nilikaa naye kwenye gogo nikamweleza kiwango ni nini, kichujio ni nini, upepo unavyochukua vumbi. Nilieleza vizuri, nilijua nimeeleza vizuri. Alisikiliza hadi mwisho, akanipa viazi viwili vya kuchemsha nile njiani, akasema, “Umeeleza vizuri sana. Lakini majani bado ni meupe.”

Niliondoka nikiwaza kwamba huenda upepo wa upande ule ni mkali. Unaona jinsi mtu anavyotafuta sababu mbali na mezani kwake.

Kisha ukaja wakati wa ithibati. Wengi wenu mnachanganya mambo mawili, kwa hiyo nitayatenganisha. Ithibati ni ya maabara: watu wa nje wanakuja, wanakagua vifaa, kumbukumbu na utaratibu, kisha wanatamka kwamba majibu yenu yanaaminika. Cheti cha umahiri ni cha mtu: kwamba wewe, kwa mikono yako na kichwa chako, unaweza kupima. Maabara inaweza kuwa na ithibati na wewe usiwe na cheti, na kinyume chake. Tulikuwa tumeambiwa kwamba viwanda vitaanza kukubali ripoti za maabara zenye ithibati tu. Bila hiyo, chumba chetu cha Chapwa kingerudi kupima unyevu wa mahindi, na huenda hata hayo tusingeyapata. Niliomba vyote viwili kwa pamoja, ithibati ya maabara na cheti changu. Nilijiamini. Nilikuwa nimepima dohani kwa miaka mingi kuliko umri wa baadhi ya wakaguzi.

Aliyekuja alikuwa Bi Salma, mwanamke mfupi wa pwani, aliyevaa sweta mbili kwa baridi yetu na kucheka kwa urahisi. Siku mbili alisoma makabrasha yetu. Siku ya tatu tulikwenda naye Nanyala atuone tukipima.

Nakuambia, tulipima vizuri. Yona alipanda na kamba, tukavuta vifaa juu. Nilijaribu kama kuna uvujaji: ziba ncha ya bomba, washa pampu, tazama mita, ikisogea, kuna mahali panapovuja. Haikusogea. Nikatia alama ya chokaa kwenye bomba kila mahali pa kusimama, maana moshi wa katikati ya dohani hauendi sawa na wa pembeni, kwa hiyo unagusa kila eneo kwa dakika zilezile. Nikarekebisha mvuto ulingane na kasi ya moshi. Ukivuta kwa pupa au kwa uvivu, vumbi unalokamata si la kweli. Bi Salma alipanda hadi jukwaani akiwa na sweta zake, akaandika. Tuliposhuka niliona ameridhika.

Tukakaa kivulini kwa ukuta wa ghala kumalizia hesabu. Akaishika fomu yangu.

“Dada Rehema, hii namba ya mgandamizo umeitoa wapi?”

“Ubaoni.”

“Na ubao umeitoa wapi?”

“Kituo cha hali ya hewa. Napiga simu kila asubuhi.”

“Vizuri. Na wao wameipima wapi?”

Sikuelewa swali. Akageuka kwa Yona. “Kaka, jana niliagiza maharage pale nyumba ya wageni saa sita mchana. Yameletwa saa tisa. Mama wa jikoni ananiambia maharage ya huku hayana haraka. Kwa nini hayana haraka?”

“Baridi, mama,” Yona akasema.

“Ndani ya sufuria kuna baridi?”

“Labda kuni mbichi.”

“Anapikia gesi.”

Yona akacheka, na mimi nikaacha kucheka katikati. Maharage yanachelewa kwa sababu maji huku yanachemka kabla hayajapata joto la kutosha, na yanachemka mapema kwa sababu hewa ya huku ni nyepesi. Hilo nililijua tangu shuleni. Nilikuwa nimelifundisha mwenyewe, kwa mfano wa debe. Na namba niliyokuwa nimeiandika kwenye fomu ilikuwa elfu moja na kumi na kitu. Hiyo ni namba ya ufukweni. Kwa namba hiyo, tulikuwa tumekaa pale Nanyala na miguu yetu ndani ya bahari.

Nilipiga simu kituoni palepale. Kijana aliyenipokea alinijua sauti.

“Mama Nzunda, leo mara ya pili? Si nimekupa asubuhi?”

“Ulinipa. Mwanangu, ile namba ni ya hapo mlipo?”

“Hapana mama, ile tumeshaigeuza ikawa ya usawa wa bahari. Vituo vyote vinafanya hivyo, ili ramani ya hali ya hewa ilingane.”

“Na ya hapo mlipo, bila kugeuzwa?”

“Ipo. Mia nane na hamsini na kitu.”

“Kwa nini hamkuwahi kunipa hiyo?”

“Hukuwahi kuiomba, mama.”

Hakuwa na kosa. Sisi ndio tuliouliza nusu ya swali kwa miaka yote. Na hata hiyo namba ya kituoni isingefaa Nanyala, kwa sababu Nanyala iko juu zaidi. Nilirudia hesabu kwa kukadiria. Penye mia pakawa kama mia na ishirini. Kiwanda ambacho kilikuwa kimepita kwa nafasi nyembamba kikawa nje ya kiwango. Kwa mwaka ule, na kwa miaka ya nyuma yake.

Bi Salma hakunikaripia. Aliandika upungufu huo kwenye fomu yake kwa mwandiko mzuri, akanipa nitie sahihi. “Siwezi kukupitisheni leo,” alisema. “Mna miezi mitatu. Cheti chako pia, dada, sehemu ya hesabu umefeli.”

“Nimeelewa.”

“Nitataka kuona mmefanya nini. Kwa vipimo vya mbele, na kwa vya nyuma.”

“Vya nyuma nifanyeje?”

“Hilo sikwambii. Nitakuja kusoma.”

Njiani kurudi Tunduma, Yona alikuwa anaendesha; tulipopita Vwawa ndipo aliponiambia.

“Mama, nasema tu. Tununue baromita, tuanze upya kuanzia leo. Za zamani ni za zamani. Nani atazifukua?”

“Sisi tunazo.”

“Sisi tunazo, ndiyo, kwenye kabati letu. Ukiwaambia wateja kwamba ripoti zetu zote zilikuwa na kosa, ithibati ya nini tena? Atakayetupa kazi ni nani?”

Hakuwa mtu mbaya, Yona. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na hesabu nzuri. Mimi nilikuwa na hofu ileile. Tofauti ni kwamba nilikuwa namwona Mama Halinga na viazi vyake.

Baromita, kifaa cha kupimia mgandamizo wa mahali ulipo, ilikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, imefungwa kwenye taulo. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kwenda nayo kwa Mzee Kibona. Nilimkuta uani akianua kahawa kwenye meza ya kukaushia. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Alisikiliza, mikono yake ikiendelea kuchambua punje mbovu.

“Kwa hiyo tangu tulipoanza zile dohani.”

“Ndiyo, Mzee.”

“Namba ni ya baharini.”

“Ndiyo.”

“Kule kiwandani zamani tulikuwa na baromita ukutani. Ilipouzwa pamoja na ukuta wake, nikaona simu ni rahisi.” Akafuta mikono. “Na wewe, miaka yote hukujiuliza?”

“Ningekuulizaje wewe, Mzee?”

“Kwa mdomo!” akasema, na kwa mara ya kwanza sauti ilipanda. “Nilikufundisha kumuuliza moshi, ukashindwa kuniuliza mimi?”

Baadaye akanyoosha mkono. “Lete hiyo baromita.” Akaitazama kwa muda mrefu, akapanda nayo kwenye kilima nyuma ya nyumba, mzee wa umri ule, akarudi akihema. “Inashuka,” akasema. “Kilima kidogo vile, nayo inashuka! Njoo uone.” Tukapanda tena pamoja. Nusu saa tulikuwa tunapanda na kushuka kama watoto wenye kitu kipya, na majirani wakatutazama. Niliporudi kuaga, aliniambia neno moja la kazi: “Karatasi za jukwaani ninyi bado mnazo? Zile za penseli?”

Tulikuwa nazo. Yeye ndiye aliyetulazimisha kutunza kila karatasi iliyoandikwa juu ya jukwaa, hata yenye masizi. Kwa sababu hiyo hatukuhitaji kutupa kazi yote. Mita ilikuwa imehesabu sawasawa, mizani ilikuwa imepima sawasawa, ni namba moja tu iliyohitaji kubadilishwa. Mimi na Yona tulikaa wiki tatu na makabrasha. Tulipanda dohani ya kila kiwanda na baromita kupata mgandamizo wa mahali pale, tukakokotoa upya kila ripoti. Nyingi zilibaki ndani ya kiwango hata baada ya marekebisho. Nne zilivuka. Tatu kati ya hizo nne zilikuwa za chokaa.

Niliandika barua kwa kila mteja. Niliandika ripoti gani, kosa gani, jibu sahihi ni lipi. Sikuandika “kutokana na changamoto za kiufundi”. Niliandika “tulitumia namba isiyo ya mahali pale”. Yona alizisoma zote kabla hazijatoka, akatikisa kichwa, kisha akachukua kalamu akatia sahihi yake chini ya yangu. Sikumwomba.

Ya chokaa niliipeleka mwenyewe. Meneja aliisoma mara mbili.

“Mama Nzunda, mwaka juzi ulisema tuko sawa. Mwaka jana ulisema tuko sawa. Sasa unasema hatukuwa sawa. Mwakani utasema nini?”

“Nitasema kitakachoonekana.”

“Unajua naweza kutafuta maabara nyingine.”

“Unaweza. Ukiipata, waulize namba yao ya mgandamizo wanaitoa wapi.”

Alinitazama kama vile angependa kunifukuza, lakini akawa amevutwa na kitu. “Wanaitoa wapi?” akauliza.

Basi nikatoa baromita kwenye begi. Tulipanda naye hadi juu ya dohani yake, ambako hakuwahi kufika, na akaiona sindano ikisogea. Hakufurahi. Lakini aliposhuka aliita mhandisi wake, wakaanza kuzungumzia mifuko ya kuchuja vumbi, ile mirefu ya kitambaa inayofungwa kabla ya dohani. Ilifungwa mwaka uliofuata. Wateja wawili wengine walituacha, na hawakurudi.

Bi Salma alirudi baada ya miezi mitatu kama alivyosema. Alisoma nakala za barua, moja baada ya nyingine, kwa saa nzima. Swali lake lilikuwa moja tu: “Hizi nne zilizovuka, zilifika vipi?”

“Kwa mkono.”

Akaweka alama ya vema, akafungua ukurasa mwingine, akaanza kuuliza kuhusu mizani. Maabara ilipata ithibati. Mtihani wa cheti changu niliurudia nikiwa chumba kimoja na Yona. Alinishinda kwa alama, na alihakikisha kila mtu Chapwa amejua.

Mama Halinga nilikutana naye tena baada ya mifuko kufungwa. Nilimweleza kwamba miaka ile majani yake ndiyo yaliyokuwa sahihi na mimi ndiye niliyekosea. Alinisikiliza kwa utulivu uleule. “Nilijua,” alisema. “Sikujua tu nikuambie kwa lugha gani.”

Wewe utakosea pia. Kosa lako halitakuwa la baromita, maana hilo sasa lipo kwenye taratibu. Litakuwa jingine, ambalo sisi wote hatujaliona bado, na huenda hivi sasa limo ndani ya kitu nilichokufundisha mimi. Kwa hiyo fanya hivi. Siku utakayogundua kosa kwenye ripoti uliyotia sahihi, chukua karatasi kabla hujanywa chai. Andika namba ya ripoti, tarehe yake, kosa lenyewe kwa maneno ya kawaida, na jibu sahihi. Tia sahihi ileile uliyotia mwanzo. Kisha ipeleke kwa mkono wako, na usiondoke mpaka mwenye nayo ameisoma yote mbele yako.